Ngoma Iliyoingia Misa ya Pili

Laurentia anauza vifaranga na chakula cha kuku pale Kwa Mathias, hapa Kibaha, na Jumapili hupiga kinanda katika kwaya ya parokia yetu. Mimi naimba besi. Nimesimama nyuma yake miaka mingi, kwa hiyo nikisema mama huyu hana adabu hata madhabahuni, nasema kwa upendo na kwa ushahidi. Wimbo ukiburuza, hugeuka katikati ya misa na kutunong'oneza, "Mnaimba au mnakata roho?"

Kinanda cha zamani cha parokia kilipomalizwa na panya, kamati ya kwaya ilikaa kikao, ikanywa soda, ikaunda kamati nyingine. Laurentia hakusubiri. Alikwenda Kariakoo akarudi na kinanda chembamba cha kuchomeka kwenye kompyuta. Athanas, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa wa kwanza kukibonyeza. Hakikutoa hata mlio.

"Dada Laurentia, umeuziwa maiti," alisema.

Laurentia akamweleza kwamba kinanda cha namna hiyo hakina sauti yake. Kazi yake ni kupeleka habari tu: kidole kimegusa hapa, kimegusa kwa nguvu, sasa kimeachia. Habari hizo zinaitwa midi. Programu iliyomo kwenye kompyuta ndiyo inayozipokea na kuzigeuza kuwa muziki. Akachomeka waya, akafungua programu yake ya kinanda cha kanisa, ikatoka sauti nzito ya kumkumbusha mtu dhambi za mwaka juzi. Athanas hakuomba radhi. Alisema tu kwamba spika ziko juu mno.

Sasa, Laurentia ni Mnyamwezi aliyezaliwa Kibaha, na anaye mtani wake Kisarawe, Mzaramo anayeitwa Rajabu Matano, kiongozi wa kikundi cha taarabu. Wakikutana hao wawili, heshima hutoka nje ikawasubiri. Ijumaa moja Rajabu alimpigia simu. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake Maua, na mpiga kinanda wa kikundi alikuwa amenuna na kuondoka, na kinanda kaenda nacho.

"Mtani, niokoe. Kisarawe nzima inakuja. Nitawatumbuiza kwa mdomo mtupu?"

"Si ndivyo mnavyoishi siku zote?"

"Wewe mjukuu wa mpagazi! Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora, wewe kaubao hako kanakushinda?"

"Alibeba, akafika, mkampigia ngoma mpaka akasahau njia ya kurudi kwao. Ndiyo maana niko hapa nauza vifaranga. Nakuja."

Nilifuatana naye ili kubeba spika na, sitaki kudanganya, kwa ajili ya pilau. Tulichukua bajaji kwa njia ya Kiluvya, kinanda kimeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga, na kompyuta yake mapajani.

Rajabu alimwekea programu yake ya taarabu kwenye kompyuta. Ilikuwa na ujanja wake: ukigusa vibonye vya chini kwa mkono wa kushoto, ngoma na gitaa la besi huanza vyenyewe na kukufuata. Mkono wa kulia hutoa akodiani. Laurentia alijaribu, akakunja uso.

"Akodiani yako inalia kama mbuzi mwenye mafua. Ngoja niiwekee kinanda changu chini yake."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alipofungua programu yake ya kanisa, kompyuta iligoma, ikaandika kwamba kinanda kinatumiwa na programu nyingine. Akafunga ile ya taarabu, ya kanisa ikakubali. Akafungua tena ya taarabu, nayo ikagoma. Iliyotangulia ndiyo iliyoshika njia, na haikutaka mwenzake apite.

"Yaani kinanda kimoja hakiwezi kuoa wawili?" Rajabu alishangaa. "Mbona mimi niliweza?"

"Uliweza wapi? Wa kwanza si alirudi kwao Soga?"

Rajabu akampigia simu shemeji yake Hamza, mwenye studio Mlandizi. Hamza alicheka kwanza, kisha akawaelekeza. Wapakue programu ndogo ya kutengeneza njia za kubuni ndani ya kompyuta. Hiyo peke yake ndiyo ishike kinanda. Kila inachopokea itakitoa nakala mbili: moja iende kwenye njia ya taarabu, nyingine kwenye njia ya kanisa. Kila programu ikinge kwenye njia yake na isimguse mwenzake.

Mara ya kwanza walikosea. Njia ya kutokea waliirudisha kwenye njia ya kuingilia, na Laurentia alipobonyeza mara moja, habari ile ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena, ikazaana, hadi kompyuta ikaganda huku spika zikitoa mlio mmoja usiokwisha. Mashangazi wa bibi harusi walitoka mbio chumbani, mmoja na hina mkononi, wakiuliza kama kuna moto. Walizima kila kitu, wakapanga upya, na safari hii programu zote mbili zikaitika pamoja.

Harusi ilifana. Wanawake wa Kisarawe hawakuwahi kusikia taarabu yenye kinanda cha kanisa chini yake. Hawakujua kilichowagusa ni nini, lakini walikata viuno kwa hofu ya Mungu. Hata Maua alifunua shela kidogo aone anayepiga ni nani. Laurentia, jasho linamtiririka, alicheka kama msichana. Sikuwahi kumwona hivyo kanisani.

Kabla ya kuanza kupiga, Rajabu alikuwa ameipanga kompyuta ili, kila inapowashwa, programu zile zijifungue zenyewe. Alimwambia Laurentia. Laurentia alikuwa na mdomo uliojaa nyama, akaitika tu kwa kichwa.

Jumapili tukawa misa ya pili. Wimbo wa mwanzo tuliimba kwa kayamba. Kwenye "Bwana utuhurumie" Laurentia alitupatia sauti ya kuanzia kwa kidole kimoja cha kulia, akigusa kidogo tu, na akodiani iliyochanganyika humo hakuna aliyeitambua. Ilipofika "Utukufu kwa Mungu juu", akashusha mikono yote miwili.

Ngoma ikapasuka.

Kwanza alidhani ni bodaboda imepita nje na redio. Kisha akabadili sauti, na besi ikabadilika naye, na akodiani ya Rajabu ikalia juu ya kichwa cha mwinjili aliyechorwa ukutani. Akaondoa mikono. Ngoma ikaendelea. Akachomoa waya wa kinanda. Ngoma ikaendelea, maana ilikwisha kuanzishwa na haikuhitaji tena ruhusa ya mtu. Athanas aliikumbatia spika kwa joho lake, kana kwamba ni mtoto wa kumkinga na mvua. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akajifunga kanga kiunoni na kupiga kigelegele, akajibiwa na kanisa zima. Padre Calist alisimama mikono juu, macho amefumba.

Mimi ndiye niliyeng'oa umeme.

"Utukufu huo umefika," alisema Padre kwenye ule ukimya. "Tuombe."

Baada ya misa, kamati haikuhitaji soda. Athanas alitangaza kwamba Laurentia amesimamishwa mpaka itakapoamuliwa vinginevyo.

"Mnanisimamisha vipi?" akauliza. "Mimi hupiga nimekaa."

Alikunja waya wake akaondoka. Maneno alikuwa nayo, lakini nilimpitia dukani siku ile jioni nikamkuta anamwagia vifaranga maji nje ya chombo, haoni. "Nilikuwa napiga kwa moyo wote," aliniambia. "Laiti wangenicheka tu."

Jumamosi akawa anakwenda Kisarawe kupiga na kikundi cha Rajabu. Jumapili alikaa nyumbani. Sisi tuliimba bila kinanda: wa sauti ya kwanza walipanda mpaka tukabaki kuwaona wanavyofungua midomo, na besi tukashuka kuwatafuta wazee wetu makaburini.

Mwishowe Padre Calist alikuja mwenyewe Kwa Mathias.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, Baba. Nikupe vifaranga wa nyama au wa mayai?"

"Nipe mpiga kinanda. Adhabu uliyopewa wewe tunaitumikia sisi."

Laurentia alifuta mikono kwenye kanga, akageukia magunia ili asionekane macho. "Jumamosi nina kazi Kisarawe, Baba. Siachi."

"Mimi Jumamosi nasikiliza maungamo. Ukiwa na la kuungama utanikuta."

Alirudi. Sasa kabla ya misa hukagua kompyuta nzima na kuifunga njia ya taarabu, kisha huniita nami nihakikishe.

Na Athanas? Jumamosi iliyopita tulimkuta Kisarawe kwenye harusi, amesimama karibu sana na spika, bega moja linatikisika. Alisema alikuwa anapita tu kwenda sokoni. Kutoka Kibaha, hakuna anayepita Kisarawe kwenda sokoni.