Nikuze na Maji ya Kanoni

Nikuze ndiye mtunza tangi letu la maji hapa Kanoni. Marehemu mumewe, Sibomana, alikuwa kibarua aliyechimba mtaro wa bomba, kisha akakabidhiwa ufunguo wa tangi, na alipofariki kamati ya maji ilisema ufunguo ubaki nyumba ileile. Ni mama mfupi. Anavaa buti za mpira zinazomzidi miguu, na kila asubuhi anapanda kilimani kuangalia kama ng'ombe hawajakanyaga bomba.

Masika iliyopita watoto wengi waliharisha. Mjukuu wake, Uwizeye, alilazwa, akarudi amebaki macho tu. Ndipo bwana mmoja wa mradi wa maji akaleta ndoo ya klorini, dawa ya kutia kwenye tangi. Dawa hiyo tulikuwa tumeshaikataa mkutanoni kabla ya hapo. Wengine walisema inaziba uzazi. Wanaotengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, walisema itawaharibia kazi, pombe haitachacha.

Siku hiyo nilikuwa nafyeka nyasi karibu na tangi, nikamsikia bwana yule akizungumza na Nikuze.

"Mama, wewe tia kidogo kidogo. Hawatajua."

"Na wakiniuliza?"

"Nani atauliza? Si ufunguo unao wewe? Utawaokoa watoto."

Nikuze akaitazama ndoo. Nilijua anamuwaza Uwizeye. Kwa kweli mimi ningetia.

"Hapana, baba," akasema. "Maji yanaingia midomoni mwao. Siwezi kuwanywesha wasichokijua. Ngoja niwaulize tena."

Jumapili baada ya ibada tukakutana kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Mutalemwa, mwenye ng'ombe wengi, hakumngoja hata aanze.

"Nikuze, udaktari umeanza lini? Juzi si ulikuwa unapalilia migomba yangu?"

"Nilipalilia, mzee. Na ndizi ukala, hukufa."

Watu wakacheka. Kisha Nikuze akafanya kama afanyavyo mwenye rubisi mbele ya wageni: huonja yeye kwanza. Mbele ya macho yetu akatia dawa kwenye ndoo ya maji, kwa kipimo alichofundishwa. Tukasubiri dawa ifanye kazi, tukipiga soga. Akachota kikombe, akanywa. Akampa Uwizeye, naye akanywa, akakunja pua.

"Bibi, inanuka kama zahanati!"

"Inanuka, ndiyo. Sitawaficha," Nikuze akatuambia. "Nimeanza na wa kwangu. Asiyetaka aseme."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Wengi wakakubali. Kaya chache tukakataa, yangu ikiwemo, maana mke wangu Joviness anaishi kwa rubisi yake.

"Wengi wameshinda," Mutalemwa akasema. "Hao wengine wanywe umande!"

Kesho yake Nikuze akatia dawa. Baadaye nilishuka bondeni kuchota maji kwenye chemchemi ya zamani, ambayo tuliiacha bomba lilipokuja. Nikamkuta na panga, anafyeka njia iliyoota vichaka.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini huku?"

"Marahaba. Nawafungulia njia ninyi mliokataa. Mchemshe tu, tafadhali."

"Lakini ulitaka tukubali wote."

"Nilitaka. Na bado nataka."

Akainama tena, akaendelea kukata. Nimeona watu wengi wakishinda katika mikutano, lakini sijawahi kuona aliyeshinda akienda kuwafyekea njia walioshindwa. Nilivua koti, nikaanza kung'oa vichaka upande wa pili, na tukaenda hivyo, yeye huku mimi kule, mpaka majini.