Sahihi Kumi na Nne za Vernetta

Wifi yangu Vernetta ana shingo ngumu, na mwenye haki ya kulisema hilo ni mimi, maana nimemvumilia miaka ishirini na saba tangu aolewe na kaka yangu. Kaka yangu keshatangulia, Mungu amrehemu, lakini ile shingo imebaki.

Tulikuwa wapishi pamoja shuleni, hapa hapa mtaani Orange Mound, Memphis. Siku walipoamua chakula cha watoto kiletwe na kampuni, walituita ukumbini, wakatupa barua za kuachishwa kazi na keki. Miaka ishirini na mbili, keki! Mimi niliila, sioni haya. Vernetta aliiacha mezani akatoka zake na aproni shingoni, na hadi leo hajairudisha.

Wiki mbili baadaye alikuja kunigongea mlango.

"Wifi, chukua funguo za gari. Tunakwenda kutafuta nyumba zenye nyasi ndefu."

"Za nini? Umeanza kufuga mbuzi?"

Hakucheka. Alipanda gari, akafungua daftari, akanieleza kitu alichokuwa amekificha miaka sita. Mama yake alipofariki, alikuja bwana mmoja mwenye viatu safi, akasema atawasaidia na ile nyumba. Wakamwekea saini, dola elfu kumi na moja. Vernetta akaja kugundua kwenye ofisi ya hati za wilaya kwamba yule bwana hakuwa amenunua chochote. Alichukua ule mkataba wao, na baada ya siku tisa akamuuzia tajiri mwingine kwa elfu ishirini na sita. Hakupaka rangi hata mlango.

"Ndiyo kazi yake, Earline. Anapata saini ya mwenye nyumba kwa bei fulani, anatafuta mnunuzi wa bei ya juu zaidi kabla siku za mkataba hazijaisha, anamkabidhi karatasi. Kinachozidi ni chake."

"Basi ni mwizi."

"Si mwizi. Ni dalali aliyenyamaza. Mimi nitaifanya nikisema."

Nikamwambia amechanganyikiwa. Nikawasha gari.

Basi tukawa tunatambaa na Buick yangu mtaa kwa mtaa, yeye anaandika namba za nyumba zenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao na barua zilizofurika sandukuni. Ijumaa jioni tunapigilia vibao vya njano kwenye nguzo, NANUNUA NYUMBA na namba yake ya simu, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa sababu watu wa jiji wanaoving'oa hawafanyi kazi Jumamosi. Simu zilizokuja, jamani! Mmoja alitaka kumuuzia banda la mbwa. Mwingine alimtukana mpaka salio likamwishia. Na kanisani Shemasi Purvis akasimama mlangoni, mkono kifuani, watu wakimsikiliza.

"Dada Vernetta, nasikia unanunua nyumba na huna hata senti. Ninunulie na mimi ya mbinguni."

"Ile niliiulizia, shemasi. Haipo kwa jina lako."

Wanawake wa kwaya walicheka hadi mchungaji akachungulia. Lakini miezi minne ilipita bila hata saini moja, na mimi petroli ilikuwa yangu.

Aliyempa saini ya kwanza ni Mama Ozella Gathings, mwenye miaka themanini na moja, aliyelea nusu ya kanisa letu. Nyumba yake ilikuwa na miaka mitatu tupu tangu miguu imshinde akahamia kwa mpwa wake. Tangu hapo kodi ya ardhi hakuilipa, na serikali ilikwisha kubandika tangazo mlangoni: tarehe tatu Agosti, mnadani. Ikifika mnadani, ukoo wa Gathings utaambulia vumbi. Vernetta alipiga magoti mbele ya kiti chake cha kubembea, akamshika mkono.

"Mama, nyumba ya baba yako haitapigwa mnada. Nakuahidi kwa jina langu."

Bei ikawa elfu thelathini na nane. Mnunuzi akapatikana kwa elfu arobaini na sita, bwana mmoja anaitwa Tolliver, ana gari kubwa jeupe na nyumba hajui idadi. Akatia saini yake. Tulikula samaki wa kukaanga siku hiyo, tukapiga na vigelegele.

Wiki iliyofuata ofisi ya hati wakampigia simu. Nyumba haikuwa ya Mama Ozella. Hati ilikuwa bado kwa jina la baba yake, mzee Ulysses, aliyezikwa mwaka sabini na moja bila wosia. Kisheria ilikuwa ya warithi wake wote, na walio hai walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja lazima atie saini.

Msimcheke. Hata mimi nisingeangalia hati. Kwetu, aliyemuuguza mzee, akalipa kodi, akafagia kibaraza miaka hamsini, nyumba ni yake. Tangu lini mtu akamwomba Mama Ozella karatasi? Kosa la Vernetta lilikuwa adabu.

Tolliver alipopata habari alimfuata Vernetta kibarazani kwangu anatabasamu.

"Mama, yaache. Ndugu kumi na wanne hawakubaliani hata saa ya kula. Mimi nitaisubiri mnadani, nitaipata kwa bei ya bure. Wewe rudi jikoni, ndiko unakokujua."

Nilitaka kumwagia chai. Vernetta akanizuia kwa mkono.

"Jikoni nililisha watoto mia sita kila siku, na hakuna aliyekosa sahani," akamwambia. "Watu kumi na wanne watanishinda? Na usiisahau saini yako, bwana. Elfu arobaini na sita."

Yule bwana alicheka hadi garini kwake. Usiku ule ndipo nilipomwona wifi yangu akiogopa. Si hela. Aliniambia, "Earline, nyumba ile ikipigwa mnada, mimi nitakuwa nimemdanganya Mama Ozella. Mtaa huu sitaweza kuutembea."

Sasa, akina Gathings wana kitu kimoja. Kila Jumamosi ya tatu ya Julai ukoo mzima unakutana bustanini, toka Chicago, toka Detroit, fulana za rangi moja zenye sura ya mzee Ulysses kifuani. Hakosi mtu isipokuwa aliyekufa au aliyefungwa, na mwaka ule, Mungu ni mwema, hakukuwa na aliyefungwa. Wengine hukutana na ndugu zao kwenye mazishi. Hawa hukutana kwenye mbavu za kuchoma.

Vernetta akamkodi Corliss, mama mwenye muhuri wa serikali wa kushuhudia saini, tukamweka chini ya turubai karibu na sufuria ya tambi. Vernetta alivaa ile aproni ya shule. Kwanza akapakua chakula, sahani mia moja na kitu. Kisha akagonga sufuria kwa mwiko, akawaeleza yote: hati, kodi, mnada, na kwamba wamebakiwa na siku kumi na saba.

Mama Ozella akatia saini ya kwanza. Wakafuatia wengine, wanafuta mchuzi vidoleni. Tulifika kumi na tatu. Wa mwisho akakunja mikono. Huyo ni Delbert, mtoto wa dada yake Mama Ozella, wa Chicago, kofia nyeupe, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Swali moja, dada. Wewe hapa unapata ngapi?"

Nikamkonyeza wifi yangu: sema kidogo, sema gharama, sema chochote. Yule bwana wa viatu safi alinyamaza akala vizuri. Vernetta akapanda juu ya benchi.

"Elfu nane."

Weee! Kelele iliyotoka pale! Mmoja akasema alijua tu. Mwingine akadai saini yake irudishwe, na Corliss akaificha karatasi chini ya makalio.

"Elfu nane kwa kutembeatembea?" Delbert akasema. "Chukua nne, nitie saini sasa hivi."

"Sichukui nne."

"Basi sitii."

"Usitie! Nyumba ipigwe mnada, na mimi nitakwenda kumwambia mama huyu kwamba nimeshindwa, nitalia mbele zake. Lakini bei yangu sipunguzi. Miaka mitatu mmekuja hapa mkala mkaondoka, nani kati yenu alipita kukata zile nyasi? Nimezikata mimi! Nimewatafuta mmoja mmoja. Bei ya nyumba nimewaambia, ya mnunuzi nimewaambia, yangu nimewaambia. Mnanikasirikia kwa kuwa mmeisikia."

Mimi nilikuwa nalia wazi, sifichi.

Mama Ozella akagonga fimbo yake chini.

"Delbert."

"Naam, mama mkubwa."

"Nyumba ya mama yako uliiuza kwa nani?"

Delbert akatazama kofia yake, maana alikuwa ameshaivua. "Kwa bwana mmoja alikuja."

"Ulimuuliza anapata ngapi?"

Delbert akaja mezani, akaomba kalamu. Corliss alilazimika kuinuka ili karatasi ipatikane.

Tolliver alilipa. Alijaribu kulalamika, Vernetta akamwonyesha saini yake mwenyewe, basi akalipa elfu arobaini na sita zote, siku tano kabla ya mnada. Kodi ikakatwa, warithi wakagawana, na Mama Ozella akajinunulia kiti kipya cha kubembea. Ile elfu nane Vernetta aliipokea bila kusema asante kwa mtu. Petroli yangu alinilipa, huku akinisema.

Ijumaa iliyofuata alinipitia jioni na nyundo na rundo la vibao vipya. Cha kwanza alitaka kwenye nguzo iliyo mbele ya lango la shule, pale pale tulipopewa keki. Nilimshikia msumari, ndipo nikakisoma vizuri. Juu, kwa herufi kubwa: NANUNUA NYUMBA. Chini yake: NIULIZE NAPATA NGAPI.

"Wifi, na kwa hiki watakutukana."

"Namba yangu ipo," akasema, akapiga nyundo.