Kalibu ya Shingo

Nilipaswa kukataa palepale dukani, mtaa wa Hamriya, kaka yangu aliposema tuchukue kalibu ya shingo. Nilijua kwa nini haitufai. Sikukataa. Nilisema, "Haya, kama ndiyo uitakayo," nikamwambia muuzaji aifunge.

Kwa asiyejua mambo haya, nitayaeleza kwa ufupi. Risasi ikipigwa, ganda lake la shaba hufura likajaa ndani ya bunduki. Ukitaka kulitumia tena, sharti kwanza ulibane ndani ya kalibu ya chuma lirudi umbo lake. Kalibu nyingine hubana ganda zima, juu hadi chini, na ganda hilo litaingia katika bunduki yoyote ya saizi hiyo. Nyingine hubana shingo tu, pale panaposhika kichwa cha risasi, na kiwiliwili hukiacha kama bunduki ilivyokifurisha. Ganda la namna hii hukaa vizuri sana katika bunduki iliyolipiga. Katika bunduki ya mtu mwengine huenda likaingia, huenda lisiingie.

Kaka yangu nami tulikuwa na bunduki mbili za saizi moja, zote na leseni zake, na kilabu yetu ya shabaha ilituruhusu kujaza wenyewe risasi za mazoezi katika karakana yake. Tulikuwa wastaafu. Mimi ndiye niliyemaliza sekondari, kwa hiyo vitabu vya maelekezo nilivisoma mimi. Yeye alikuwa mpigaji hasa, tangu ujana wake, na watu wazima wa kilabu walimjua kwa hilo tu.

Lakini kiwiko na kifundo cha mkono vilikuwa vimeanza kumtesa. Kalibu nzima inataka nguvu. Unalipaka ganda mafuta, unavuta wenzo kwa uzito wako wote, halafu unafuta mafuta. Ya shingo unaivuta kama unafungua mlango. Pale dukani alijaribu zote mbili, na usoni mwake niliona jambo ambalo hakutaka nilione.

"Hii," alisema. "Hii hata mie naweza."

"Mimi si nitakuvutia?"

"Utanivutia na kijiko cha wali pia? Mdogo wangu, chukua hii tumalize. Joto hili litatuua."

Nilikuwa nimechoka. Tulikuwa tumezunguka maduka tangu asubuhi, gari limeegeshwa juani, na sikuwa na hamu ya kubishana na mtu ambaye sijawahi kumshinda kwa maneno tangu tungali watoto. Nikajiambia nitayatenga maganda yake na yangu, basi.

Kuyatenga si kazi ngumu, ila kwa watu kama sisi. Uwanja wetu uko nyuma ya Ansab, chini ya vilima, na kila Ijumaa tukimaliza kupiga, mkeka unatandikwa, kahawa inamiminwa, halua inafunuliwa, na maganda yote yanafagiwa ndani ya debe moja. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Anayetaka kujaza atachota. Mtu kuinama kuokota maganda yake mwenyewe, wenziwe wamekaa wanamngoja, ilionekana ubakhili. Ni sawa na kuchagua tende nzuri katika sahani ya watu.

Wiki za mwanzo niliinama. Nikayatia maganda ya kaka alama ya wino mwekundu chini. Wazee hawakuniacha.

"Jamani, njooni mwone! Ayatia hina maganda!"

"Harusi lini, sheikh? Mbona hatujaletewa kadi?"

"Mwacheni, anataka azikwe nayo."

Kaka yangu alicheka kuliko wote, hata kahawa ikamwagikia kanzu. Tulipokuwa garini aliniambia, bila kucheka, "Yaache hayo. Wanatuona wachoyo." Nikayaacha. Sikumkumbusha kwamba ni kalibu yake ndiyo inayotaka hivyo. Kwa muda nilikuwa nikiyatambua kwa macho karakanani, halafu nikawa nayatambua kwa kubahatisha. Baadhi ya maganda yangu yaliingia katika bunduki yake bila taabu, na hilo ndilo lililonidanganya. Nikaona labda vitabu vinatia chumvi.

Baridi ilipoingia, kilabu ikaandaa shindano la wazee. Kaka aliniambia mapema, tukiwa karakanani, yeye anavuta wenzo na mimi napanga.

"Hili ndilo la mwisho. Daktari anasema jicho nalo linakwenda. Leseni nitairudisha mwenyewe kabla hawajaniomba."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Nnataka nimalize vizuri tu. Sitaki zaidi ya hapo."

Kila ganda tupu, kabla ya kujazwa, tulikuwa tunalitia kwanza katika bunduki yake kuona kama linafunga. Safari ile tulijaribu machache, yakafunga, nikasema yatosha. Yeye alitaka kuendelea. Mimi ndiye niliyesema yatosha. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nilitaka kurudi nyumbani nikalale.

Asubuhi ya shindano alipiga risasi mbili za mwanzo, zote katikati. Nilikuwa nyuma yake na niliona mabega yake yalivyotulia. Ya tatu ikaingia nusu, komeo la bunduki likagoma kufunga. Akalisukuma kwa kiganja. Likagoma. Akalipiga.

"Usilazimishe, mzee," msimamizi wa mstari alimwambia. "Iweke chini."

"Inafunga. Ngoja kidogo, inafunga."

"Mzee, iweke chini."

Aliiweka. Komeo halikufunga wala risasi haikutoka, na muda ukamwishia mbele ya watu waliomjua kwa miaka yote ile. Hakuna aliyemtania. Afadhali wangemtania. Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Umekwisha huu. Hata komeo umeshindwa kulifunga."

Baadaye fundi wa kilabu aliitoa ile risasi, akaiondoa kichwa na baruti, akanipa mimi ganda. Ubavuni mwa ganda palikuwa na mkwaruzo mrefu. Bunduki yangu huacha mkwaruzo huo, ni kasoro yake tangu niinunue. Lilikuwa ganda langu. Mkono wake haukuwa na kosa lolote. Hata mpiga mieleka asingelifunga komeo lile. Nililitia mfukoni, nikaenda kukaa naye mkekani, nikanywa kahawa.

Alirudisha leseni kama alivyosema. Kisha akaacha kuendesha gari. "Mkono ulioshindwa na bunduki utashika usukani?" alimwambia mwanawe, na mwanawe akamhamishia kwake, Qurum, katika nyumba kubwa yenye ukimya. Nilikwenda kila wiki. Nilimkuta akilishwa. Binti wa Kitanzania aliyefanya kazi pale alimkatia nyama vipande vidogo, naye kaka alimwachia, mkono wa kulia ukiwa pajani kama kitu cha mtu mwengine. Kila nikitaka kusema, nilijiambia wiki ijayo.

Nilipomwambia hatimaye, joto lilikuwa limesharudi. Nililitoa lile ganda, nikaliweka juu ya meza, nikamweleza yote: wino, debe, yale machache tuliyoyajaribu, mkwaruzo. Alisikiliza. Alilichukua kwa mkono uleule wa kulia, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulijua siku ileile?"

"Siku ileile."

"Ukaniona nalishwa."

"Nilikuona."

Alilirudisha mezani polepole. "Ganda lisilofunga ni jambo la kawaida. Mie mwenyewe niliitaka ile kalibu. Hilo sikulaumu." Nilidhani amemaliza. "Lakini ulinitazama nikizeeka kwa uongo, weye, ukanywa kahawa."

Nilimwomba radhi. Akasema "Inshallah," kwa namna watu wanavyolisema neno hilo wanapotaka mgeni aondoke.

Nasikia anakula mwenyewe sasa, na jioni anatembea ufukweni. Nnafurahi kusikia hivyo. Lakini nikipiga simu, anapokea mwanawe, ananijibu kwa Kiarabu kwamba baba amelala. Ile kalibu ya shingo ingali karakanani, watu wengine wanaitumia, na wameambiwa watenge maganda yao. Mimi siendi tena Ijumaa.

Nilikuwa na ndugu mmoja aliyebaki duniani, wa pekee niliyezungumza naye Kiswahili cha nyumbani kwa mama yetu. Yu hai, yuko Qurum, si mbali kwa gari. Hataki kuniona.