Matundu ya Mwalimu Nyaya

Chuoni walimwita Mwalimu Nyaya, maana hakuna siku aliyoingia darasani bila fungu la nyaya begani. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha sanaa ya video, sauti na kompyuta, lakini somo la kwanza halikuwa kompyuta wala nini. Kila mwanafunzi alitoboa ukuta, akauziba, akaupiga msasa na rangi.

"Maonyesho yakiisha, ukuta unarudi ulivyokuwa," alifoka. "Kama hujui kuziba, usinitobolee!"

Kazi zake mwenyewe zilijaza ukumbi mzima wa chuo. Mara redio tisini zikinong'ona kwa pamoja, mara mashuka yenye picha zinazotembea. Baada ya mwezi ziling'olewa, matundu yakazibwa, kuta zikabaki nyeupe.

Baba yake, fundi plasta mstaafu, hakuwahi kwenda kuziona. Aliziita michezo ya watoto. Alipofikisha miaka themanini ndipo akasema, "Haya, nipeleke nikaone."

Siku hiyo ukumbi ulikuwa mtupu. Mwalimu Nyaya akakosa la kuonyesha. Mzee akaweka kiganja ukutani, akatembea nacho polepole.

"Hapa uliziba vibaya. Na hapa. Ulikuwa na haraka."

"Hiyo kazi yangu ya kwanza, baba."

Alipofika kona ya mwisho, akapapasa, akapapasa tena.

"Hapa mbona hukutoboa?"

"Hapo palikuwa na matundu mia mbili. Mwaka jana."

Mzee akarudisha kiganja palepale, akakiacha.

"Miaka yote hii," akang'aka, "mbona hukuniambia kuwa wewe ni fundi?"