Niliomba Kazi ya Labo, Wakaajiri Damu Yangu

Umewahi kukosa kazi, halafu aliyekunyima akakukumbatia kwa furaha?

Mimi yalinikuta. Bujumbura, mwaka 1965.

Naitwa Murhula. Nilikuwa mwalimu wa biolojia Shabunda, Kongo, mpaka vita ikatufukuza mimi, mke wangu Nsimire na binti yetu Odette. Tukapanga chumba mtaa wa Kamenge. Diploma yangu ilivuka mpaka salama. Kazi ndiyo iliyobaki ng'ambo.

Siku moja nikasikia labo, maabara moja ya mjini, inatafuta msaidizi wa utafiti wa magonjwa ya damu. Akifanya vizuri, anapelekwa kusoma Ulaya!

Nikapiga suruali pasi mpaka ikawa kama wembe.

Waombaji tulibaki wawili: mimi na Gélase, kijana Mrundi mpole. Profesa, Mzungu mmoja mrefu, akatuuliza maswali. Nikajibu yote. Mwishoni akatutoa damu kidogo, eti kupima afya.

Akaweka damu yangu kwenye darubini. Akaruka kutoka kitini.

"Murhula! Una minyoo ndani ya damu! Midogo, mizuri ajabu! Sijawahi kuiona hapa!"

Akanikumbatia.

"Kwa hiyo kazi nimepata?"

"Kazi apana. Kazi ni ya Gélase. Lakini wewe utakuja kila wiki."

Basi, Gélase akaajiriwa kunichunguza mimi. Labo niliingia kweli, ila upande wa sindano.

Mwili ukawa unawasha, mkono unavimba. Nikaomba dawa.

"Subira," akasema profesa. "Tukiiua minyoo sasa, tutachunguza nini? Nitakupeleka Ulaya."

Nikasogea karibu. "Kusoma?"

"Kusomwa."

Nyumbani, Nsimire akanitazama mkono. "Papa Odette, ule muzungu anakutibisha ao anakufuga?"

Hasira zangu zote nikamwekea Gélase, aliyekalia kiti changu.

Alasiri moja, profesa akiwa ametoka, Gélase akachomoa sindano, kisha akanitia vidonge mkononi.

"Dawa iko, Murhula. Iko mu kabati tangu siku ya kwanza. Kunywa."

"Na kazi yako?"

"Mi niliomba kazi ya kutibisha watu."

Nilikunywa. Kwanza homa ilinitandika, nikadhani naaga dunia. Halafu mwili ukatulia.

Siku ya kupimwa, profesa alitazama darubini, akaifuta, akatazama tena. Hakuna kitu. Akanuna kama mtu aliyefiwa.

"Nani alimupa dawa?"

"Mimi," akasema Gélase.

Akafukuzwa palepale. Nikajua na mimi njia ni hiyohiyo. Profesa akanigeukia, akarekebisha tai.

"Diploma unayo. Nafasi iko wazi. Unaitaka?"

Jamani! Kazi niliyoiota!

"Nitaanza na nini?"

"Nenda kwa wakimbizi wenzako. Nitafutie mwingine kama wewe. Na ufunguo wa kabati utakaa kwangu."

Nikamwona huyo mwingine: mtu wa kwetu, mwili unamuwasha, ananiomba dawa. Na mimi namwambia subira.

"Asante, profesa. Apana."

Gélase nilimkuta barabarani.

"Na we amekufukuza?"

"Amenipa kazi yako."

Akasimama. "Umekubali?"

"Ningekubali, ningekuwa hapa na wewe kwenye hili jua?"

Akacheka mpaka akashika mti. Tukashuka pamoja hadi Asiatique, mtaa wa maduka ya Wahindi, wasomi wawili, kuulizia kazi yoyote.

Wewe unayesoma hapa: ukiambiwa umechaguliwa, usishangilie kwanza. Uliza umechaguliwa kuwa nani.