Mtu wa Reli wa Bukoba

Bukoba haijawahi kuwa na reli, lakini mimi nimezaliwa na mtu wa reli. Baba alifanya kazi bandarini tangu ujana wake mpaka alipostaafu na kurudi kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa huko Kamachumu. Kazi yake ilikuwa kudaka kamba za meli inapofika na kuzifunga gatini. Enzi zile meli za ziwani zilikuwa chini ya shirika la reli, na tiketi uliyokata Bukoba iliweza kukufikisha Dar es Salaam: meli hadi Mwanza, kisha treni. Kwa hiyo Baba hakupaita pale bandari. Alipaita stesheni.

Tulikulia nyuma ya maghala ya kahawa, katika mtaa ule wa zamani wenye maduka ya baraza na mabati yaliyoshika kutu, korongo wakitembea barabarani kama wazee wanaokwenda kikaoni. Siku ya meli mtaa mzima ulichangamka. Mikungu ya ndizi ilipangwa ukutani, wanawake walikaanga senene, na hata wasiosafiri walioga na kuvaa vizuri. Baadaye meli ikasimama kwa miaka, maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Ilipotengenezwa ikarudi, Baba na Mama walishuka kutoka Kamachumu kuja kuiona. Baba alivaa koti lake la kanisani.

Tukiwa tumesimama langoni mwa bandari, Mama akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba huyu mtu wa reli hajawahi kuiona treni. Nilimwuliza Baba kama ni kweli. Akanijibu huku akitazama ziwa. Mwanza alifika mara nyingi, lakini kila mara ilimbidi arudi na meli ile ile, na akichungulia stesheni, ama treni ilikuwa imeondoka ama haijafika.

"Basi twende," nikamwambia.

"Mzee mzima nisafiri kwenda kutazama treni?"

"Mama naye hajaiona. Tutamsindikiza yeye."

Mama alicheka, akakubali safari iitwe yake.

Tulipanda meli sote watatu, Mama na kapu lake la ndizi za kuchoma na kahawa ya kutafuna. Asubuhi, Mwanza, tulikwenda kwa miguu hadi stesheni. Treni ilikuwepo, abiria wanapanda. Mhudumu mmoja, dada wa makamo aliyevaa sare, akatuuliza tunatafuta behewa gani. Baba akavua kofia.

"Mimi ni mtu wa reli," akasema. "Stesheni ya Bukoba."

Yule dada alifikiri kidogo, wala hakucheka. Alimwuliza alikuwa idara gani, na Baba akamweleza habari za gati na kamba, na jinsi upepo wa ziwani unavyoweza kuisukuma meli isikubali kukaa. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia apande akae kidogo, muda wa kuondoka bado.

Baba akakaa dirishani, wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Mama alinishika mkono akaninong'oneza kwa Kihaya nimtazame vizuri. Halafu Baba akatoa kichwa nje, akamwita. Mama akasema ngazi ni ndefu, yeye yuko sawa pale chini.

"Njoo, waitu," Baba akasema kwa upole, akimwita kwa neno la heshima la Kihaya. "Usiniache nikae peke yangu."

Mama akapanda. Nilibaki nimeshika kapu, nikiwaona wazazi wangu wakitafuna kahawa ndani ya treni ambayo haikuwa inawapeleka popote. Kengele ilipolia wakashuka, Baba akamshukuru yule dada kwa mikono miwili. Treni ilipoanza kwenda, Mama alipunga mkono mpaka behewa la mwisho, ingawa hatukuwa na mtu ndani yake.

Sasa Mama ameamua kwamba kahawa ikishakauka watapanda treni hadi Tabora. Anasema viti ni laini, na kiuno chake hakikuuma hata kidogo. Baba anasema atafikiria, lakini juzi nimeambiwa amepeleka koti kwa fundi likabadilishwe vifungo.