Firigisi ya Malkia

Harufu ya firigisi ikikaangwa hunirudisha jikoni kwa nyanya. Alikuwa akipasua kuku huku akitusimulia, mimi na shangazi, habari za malkia wa zamani aliyekula firigisi ya mfalme, na mfalme akafa.

"Firigisi inakulangwa na mwenye boma peke yake," alisema.

Baba alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Kwa kutaka tu kuonekana najua mambo, nikasema mama aliwahi kuila.

Kisu kilisimama. Shangazi akauliza polepole, "Lini?"

Sikuwaambia kwamba baba mwenyewe ndiye aliyemtilia sahanini, akicheka. Kufikia Jumapili, kanisani hakuna aliyeketi karibu na mama.

Siku hizi namfikiria yule malkia, nikijiuliza ni mtoto gani aliyekuwa jikoni kwake.